Shemeji Amekupa Wiki Yake Orlando: Mwongozo wa Kukaa Nyumba ya Taimshea Jirani na Bustani ya Burudani

Siku hizi si ajabu kukuta familia ya Nakuru, Kisumu au Kakamega ina mtu wake Marekani, na mtu huyo ana kipande cha taimshea, yaani nyumba ya likizo inayomilikiwa kwa zamu, huko Florida. Alikinunua watoto wakiwa wadogo. Sasa wamekua, hawataki tena likizo ya kuongozana na wazazi, pointi zinarundikana na ada ya kila mwaka inaendelea kumkamua. Basi anapiga simu: "Shemeji, njooni mwaka huu, nyumba ipo." Simu yenyewe ni ya dakika chache. Maandalizi yake ni ya karibu mwaka mzima.

Mwongozo huu ni wa aliyepokea simu hiyo. Mfano nitakaoutumia zaidi ni Kidani Village, sehemu ya Disney's Animal Kingdom Lodge karibu na Orlando, iliyofunguliwa 2009. Nimeuchagua kwa sababu taratibu zake zinafahamika vizuri, na pia kwa sababu unanichekesha: mtu anatoka Section 58 ya Nakuru, anavuka bahari, kisha analala Kidani, anaogelea bwawa la Samawati, anakula mkahawa wa Sanaa, na kesho yake anapanda basi kwenda kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Kijiji hicho kimo ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, jirani na nyumba hizo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Ulichopewa bure ni nyumba, basi ifaidi nyumba. Tiketi za bustani hukupewa na mtu, na ndizo zitakazokula pesa zako.

Hatua ya 1: Jua hasa umepewa nini

Taimshea ni umiliki wa zamu. Ni kama trekta ya chama: si yako peke yako, lakini zamu yako ikifika hakuna wa kukunyang'anya. Zamani mtu alinunua wiki moja maalumu ya kila mwaka katika nyumba moja maalumu. Leo kampuni nyingi huuza pointi. Mwenye pointi anazibadilisha kwa usiku kadhaa, katika nyumba ndogo au kubwa, msimu wa watu wengi au wachache, na kila chaguo lina bei yake kwa pointi. Disney ilianza biashara hii 1991. Mikataba yao ina mwisho: wa Kidani unakoma Januari 31, 2057, kisha nyumba zinarudi kwa kampuni. Kwa hiyo shemeji hakununua ploti. Usimwombe awaandikie watoto urithi.

Muulize kwanza: pointi zako ni za wapi? Mwenye "nyumbani" pake ni Animal Kingdom anaweza kushika nafasi miezi 11 kabla ya kuingia. Mwenye pointi za nyumba nyingine za Disney anasubiri hadi miezi 7 kabla. Miezi hiyo minne huamua kama mtapata nyumba mnayoitaka au mtaokota iliyobaki.

Kisha muulize kama kweli ni ya Disney. Orlando imejaa taimshea za kampuni nyingine, na wengi hubadilishana wiki kupitia kampuni kama RCI, iliyoanzishwa 1974, au Interval International ya 1976. Huko mwenyewe asipokuwepo, mara nyingi anatakiwa kununua cheti cha mgeni chenye jina lako. Bila hicho, mapokezi hawakujui, hata umpigie shemeji simu akueleze mbele yao. Kwa nyumba hizo za nje ya Disney, ulizia pia ada ya kila siku ya huduma na ada ya kuegesha gari, kwa maana hizo analipa mgeni.

Hatua ya 2: Viza kabla ya nyumba

Hapa ndipo safari nyingi hufia, na hufia vibaya kwa sababu nyumba imeshashikwa. Mkenya anahitaji viza ya matembezi ya B1/B2. Unajaza fomu ya DS-160 mtandaoni, unalipa ada ya ombi, iliyopandishwa hadi dola 185 mwaka 2023 na ambayo hairudishwi hata ukikataliwa, kisha unakwenda kuhojiwa katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Kila mtoto ana pasipoti yake, fomu yake na ada yake. Familia ya watu watano ifanye hesabu hiyo kabla ya kuwaambia watoto chochote.

Fomu itauliza utakaa wapi na nani anagharamia safari. Sema ukweli ulivyo: nyumba ni ya jamaa yako, nauli na chakula ni vyako, au vyovyote mlivyokubaliana. Watu huogopa kutaja jamaa aliye Marekani wakidhani kutawaharibia. Kinachowaharibia ni kumficha, kisha akajitokeza kwenye jibu la swali jingine. Barua ya mwaliko si sharti na haina nguvu ya ajabu. Afisa anachopima ni kama una sababu ya kurudi: kazi, biashara, shamba, watoto waliobaki shuleni, wazazi unaowatunza.

Usikate tiketi ya ndege kabla ya viza. Lakini shemeji anaweza kushika nyumba mapema, mradi mkubaliane siku ya mwisho ya kuamua. Kwa pointi za Disney, akifuta nafasi zikiwa zimebaki siku 31 au zaidi, pointi zinamrudia salama. Akifuta zikiwa zimebaki 30 au pungufu, zinawekwa pembeni, na zitamfaa tu kwa nafasi zilizo ndani ya siku 60 zijazo, ambazo kwa kawaida zimeshachukuliwa. Msipotokea kabisa bila kufuta, zimepotea. Kwa hiyo wiki sita kabla ya safari, kama viza haijatoka, mpigie simu. Usingoje muujiza kwa pointi za mtu mwingine.

Hatua ya 3: Chagua tarehe kwa kalenda mbili

Kalenda ya shule zetu na ya Wamarekani hazifanani, na tofauti hiyo ni faida. Shule za Kenya zinapofunga mwaka na mitihani kuisha, wao bado wako darasani. Wiki ya sikukuu yao ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, bustani hufurika. Baada ya hapo hadi karibu katikati ya Desemba umati hupungua, mapambo ya Krismasi yameshawekwa, na hali ya hewa ni ya asubuhi za baridi kidogo na mchana mzuri. Mtu wa Nakuru hatashangaa, yeye huvaa sweta asubuhi hata kwao. Kati ya Krismasi na mwaka mpya usiende kabisa, labda uwe unapenda kusimama kwenye foleni.

Likizo yetu ya Agosti nayo ina siri yake. Shule za Florida hufunguliwa karibu na tarehe 10 Agosti, kwa hiyo nusu ya pili ya mwezi huo foleni hufupika. Gharama yake ni joto. Joto la Florida lina unyevu, na mtu wa Kisumu atalizoea haraka kuliko wa Molo. Mchana ngurumo huja karibu kila siku, na radi ikikaribia, mabwawa ya kuogelea na michezo ya nje hufungwa. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Aprili angalia Pasaka inaangukia wapi, ukae mbali na wiki hizo.

Hatua ya 4: Chagua nyumba, na uiache savana kwa wengine

Kidani ina nyumba za ukubwa mbalimbali. Studio ni chumba kimoja cha watu wanne, chenye friji ndogo, maikrowevu na mashine ya kahawa. Hakuna jiko. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala inachukua watano, ina jiko kamili, mashine ya kufulia na ya kukaushia, na bafu mbili. Ya vyumba viwili inachukua tisa. Mkiwa na watoto na mnakaa zaidi ya siku tatu nne, mwombeni shemeji yenye jiko hata kama itamlazimu kupunguza idadi ya siku. Studio ni hoteli tu yenye jina jingine.

Idadi ya watu ni sheria. Mtoto wa chini ya miaka 3 anayelala kwenye kitanda cha mtoto hahesabiwi, lakini binamu wa Dallas aliyesikia mko Orlando anahesabiwa. Sisi tumezoea kutandika godoro sebuleni na maisha yakaendelea. Huko anayekwenda kwa pointi za mwingine akikamatwa na watu zaidi ya walioandikwa, anayepata barua ni mwenye pointi.

Sasa mandhari. Nyumba zinazotazama savana, ambako twiga na pundamilia hupita chini ya roshani, zinakula pointi nyingi kuliko zinazotazama bwawa au maegesho. Mmarekani wa Ohio ana haki ya kulipia hilo. Wewe una Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kilomita za mraba 188 za nyati, faru na twiga, na lango lake liko mwendo mfupi kutoka mjini. Chukua mandhari ya kawaida, pointi zilizookolewa zinunue usiku mwingine. Watoto wakiwataka twiga, kuna sehemu za wazi za kutazamia katika majengo yote mawili, Kidani na Jambo House, na mgeni yeyote anaruhusiwa kusimama hapo bure. Kutoka jengo moja hadi jingine ni matembezi ya dakika chache.

Hatua ya 5: Tiketi, na siku ngapi

Kulala kwenye nyumba ya Disney hakukuingizi bustanini. Narudia kwa sababu kila mwaka kuna mtu anayegundua hilo akiwa getini. Tiketi zinauzwa kwa tarehe. Mtu mzima hulipa zaidi ya dola 100 kwa siku moja, na siku za kilele bei hufika karibu 200, na wakati mwingine hupita. Kuanzia miaka 10 mtu ni mkubwa kwa hesabu zao, wa 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo sana, chini ya 3 huingia bure. Animal Kingdom huwa ya bei nafuu kuliko bustani nyingine tatu: Magic Kingdom ya 1971, Epcot ya 1982 na Hollywood Studios ya 1989. Tiketi ya siku nyingi hushusha bei ya kila siku, na hapo ndipo mtego ulipo. Unajiona unaokoa ukinunua siku tano, kumbe siku ya nne watoto wamechoka na baba anachechemea.

Kwa familia inayokaa wiki moja, ushauri wangu ni siku tatu: Animal Kingdom moja, Magic Kingdom moja, na ya tatu wachague watoto. Siku zilizobaki ni za bwawa, sokoni na kulala. Usinunue tiketi mitaani wala kwa mtu anayedai amebakiwa na siku mbili kwenye tiketi yake. Mtu mzima na mtoto wanatambuliwa getini, na tiketi iliyotumika haihamishwi.

Kabla ya kuwaahidi watoto mchezo wowote, wapime urefu ukutani nyumbani. Expedition Everest, treni ya mtelemko ya Animal Kingdom, haimpandishi mtoto aliye chini ya sentimita 112. Kali River Rapids, mashua ya mtoni, inataka 97. Machozi ya sebuleni Lanet yanatulizika upesi kuliko ya pale langoni, mkiwa mmeshapiga foleni.

Hatua ya 6: Mzigo

Unga kwanza, najua. Marekani inaruhusu vyakula vikavu vingi, lakini kila chakula kinatangazwa kwa maafisa wa mpakani unapoingia. Ukitangaza kitu kilichokatazwa, wanakichukua na unaendelea na safari. Usipotangaza wakakikuta, ni faini ya mamia ya dola. Majani ya chai na unga uliofungwa kiwandani kwa kawaida hupita. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, iache. Matunda, mbegu na miche viache. Mursik ibaki nyumbani pamoja na kibuyu chake. Omena waliokauka watangaze, na uwe tayari kuagana nao.

Mwiko beba. Jikoni utakuta vijiko vya plastiki vya kugeuzia mayai, ambavyo ugali utavivunja heshima. Pasi na birika la umeme usibebe, umeme wao ni volti 120 na wetu ni 240, havitafanya kazi, na pasi ipo katika nyumba mtakayofikia. Chaja za simu nyingi hukubali zote mbili, unachohitaji ni kigeuzi cha plagi.

Viatu vya kutembea viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Koti jepesi la mvua ni la lazima kwa Agosti, kwa maana la bustanini linauzwa kwa bei ya bustanini.

Bima ya safari inunue kabla ya kuondoka. Hospitali za Marekani hutoza pesa ambazo zinaweza kuuza shamba, na kadi yako ya bima ya afya ya SHA haitapokelewa pale dirishani mtoto akivunjika mkono.

Pesa: M-Pesa yenyewe haitumiki madukani huko, ingawa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay inalipia manunuzi ya mtandaoni. Kwa mapokezi beba kadi halisi ya benki, na uiarifu benki kwamba unasafiri, wasije wakaifunga ukiwa dukani.

Hatua ya 7: Kufika

Kutoka Kisumu unaunganisha ndege hadi Nairobi, kutoka Nakuru ni barabara. Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi New York tangu Oktoba 2018, na wengine hupitia Ulaya au Ghuba. Kwa njia yoyote ile, mambo ya uhamiaji hufanywa kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani mnaotua. Mnachukua mizigo, mnapita forodhani, kisha mnaikabidhi upya kwa ndege ya Orlando. Saa moja na nusu ya kuunganisha haitoshi. Acheni nne. Mwezi wa Desemba saa zao ziko nane nyuma ya zetu, kwa hiyo watoto wataamka saa tisa usiku siku za mwanzo. Pangeni bustani ya kwanza siku ya pili au ya tatu, si kesho yake.

Basi la bure la Disney kutoka uwanja wa ndege lilikoma mwanzoni mwa 2022. Sasa ni basi la kulipia, teksi ya programu au gari la kukodi, nusu saa hadi dakika 40. Sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 na chini awe kwenye kiti chake maalumu garini, na dereva akikuta huna, ana haki ya kukuacha. Mkikodi gari, beba leseni yako na kibali cha kimataifa kutoka AA Kenya. Wanaendesha upande wa kulia, na anayekaa mbele kando ya dereva asaidie kuangalia kila mnapogeuka. Lakini kwa Kidani gari si lazima. Mabasi ya Disney kwenda bustani zote nne ni ya bure.

Mlango unafunguliwa saa kumi jioni. Mkifika mapema acheni mizigo kwa wahudumu wa mizigo, mkaoge bwawani. Hakikisha shemeji ameandika jina la mtu mzima atakayefika, sawasawa na pasipoti. Mapokezi wataomba kitambulisho na kadi. Atakayeuliza "pointi ni za nani" mwambie ukweli. Kumpa jamaa nafasi si kosa.

Na kabla watoto hawajakimbilia nje: madimbwi na vijito vya Florida vina mamba wa huko. Vibao vimewekwa. Kuogelea ni bwawani tu, na kucheza ukingoni mwa maji jioni kupigwe marufuku. Watu wa Dunga hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya 8: Jikoni

Hapa ndipo taimshea inapojilipa. Mlo mmoja wa familia ya watano mkahawani, ukiongeza kodi ya mauzo ya asilimia 6.5, ambayo haimo kwenye bei iliyoandikwa, na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20, unalingana na manunuzi ya siku kadhaa. Siku ya kwanza nendeni duka la Publix au Walmart kwa teksi, au mwagizie mtandaoni mletewe hadi mapokezi.

Sukuma wiki ipo tele. Florida ni kusini, na watu wa kusini hula sukuma wiki tangu zamani, tofauti ni kwamba wao huichemsha hadi ikate tamaa. Kwenye rafu tafuta neno collard. Huuzwa mabua mazima, majani makubwa kuliko ya kwetu, au yaliyokatwakatwa ndani ya mfuko. Ya mfuko hukatwa vipande vinene na bado ina vijiti, kwa hiyo nunua mabua ukate mwenyewe.

Unga ukikuishia, kuna unga wa mahindi meupe kwenye rafu za unga wa kuokea. Soma pakiti kwa makini. Ukiona imeandikwa self-rising, rudisha. Umechanganywa na hamira ya kemikali na chumvi, na ugali wake hufura, huwa chumvi na kukatika kama keki. Ule wa Wameksiko uitwao masa nao si wenyewe, mahindi yake yalipikwa na chokaa kabla ya kusagwa na harufu yake haifichiki. Unaotakiwa ni mweupe, mtupu, uliosagwa laini kiasi cha kupatikana. Hautanata kama wa posho mill ya Bahati, lakini utashika mboga.

Jiko ni la umeme, na umeme hauna haraka ya kupoa. Ukizima, joto linabaki. Kwa ugali ni jambo zuri: ukishakaribia kuiva, zima na uuache ujimalizie. Kwa chai ya maziwa ni hatari, itafurika ukiwa umegeuka tu. Sufuria zao zina mkono mmoja mrefu, kwa hiyo mtu mmoja ashike na mwingine asonge. Samaki wa kukaanga kwa mafuta mengi usijaribu. King'ora cha moshi hakijui kwamba unapika, na jengo zima litatolewa nje wakiwa na kandambili. Tilapia wa madukani ni minofu iliyogandishwa, na kwa mtu aliyelelewa Kisumu ni bora amle kwa mchuzi na nyanya nyingi akiwa ameelekeza mawazo kwingine.

Maji ya bomba yananyweka. Maziwa huuzwa kwa galoni, karibu lita 3.8, ambayo familia ya wanywa chai itaimaliza kwa siku mbili.

Hakuna mtu atakayekuja kutandika vitanda kila siku. Katika makao ya pointi usafi huja kwa nadra, kwa hiyo gawaneni zamu ya vyombo na taka tangu siku ya kwanza. Mashine ya kufulia iwashwe kila jioni mbili, mtabeba nguo nusu ya mlizodhani mnahitaji.

Mlo mmoja wa nje uhifadhiwe kwa Boma, iliyo Jambo House, ambako unajipakulia mwenyewe vyakula vyenye asili ya sehemu mbalimbali za Afrika. Nafasi ishikwe mapema. Usitarajie ladha ya kwa shangazi. Watoto watapenda.

Hatua ya 9: Siku ya bustani

Wageni wa nyumba za Disney huingia nusu saa kabla ya watu wengine. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko masaa mawili ya mchana, kwa hiyo mfike mapema zaidi yake. Animal Kingdom hufungua asubuhi sana na kufunga mapema. Kilimanjaro Safaris, ile safari ya lori la wazi, iende asubuhi wakati wanyama wanatembea. Simba wapo, na hawajifichi mbali kama wa kwetu, kwa sababu mahali pao pa kupumzikia pamepangwa pawe mbele ya macho yako. Watoto waliozoea kumtafuta chui Ziwa Nakuru mchana kutwa bila kumwona wataona ni kitu cha ajabu.

Bebeni chakula. Bustani inaruhusu vyakula vya nyumbani na chupa za maji, mradi zisiwe za glasi na kusiwe na pombe. Chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha zinasafiri vizuri kuliko sandwichi. Vikombe vya maji baridi hutolewa bure kwenye kaunta za vyakula ukiomba. Saa saba mchana, jua likiwa kali na foleni ndefu, rudini nyumbani kwa basi, mle, mlale. Wenye tiketi za hoteli za mbali hawawezi kufanya hivyo, nyinyi mnaweza. Huduma ya kulipia ili kupita foleni ya haraka ipo na bei yake hubadilika kila siku. Kwa Animal Kingdom msilipe. Kwa Magic Kingdom, siku ya umati, ni jambo la kufikiria.

Hatua ya 10: Usisaini

Mahali fulani katika wiki hiyo mtu mchangamfu atakuuliza mnatoka wapi. Ukisema Kenya, atafurahi mno. Ndani ya Disney wauzaji ni wapole. Nje yake, kwenye International Drive na barabara ya 192 kule Kissimmee, kuna vibanda vya tiketi za bei ya kutupa, na masharti yake ni mkae kikao cha dakika 90 kusikiliza maelezo. Dakika 90 huweza kuwa masaa manne. Wanaofanya kazi hiyo wanaijua: wataongea na mama kuhusu watoto, watampa baba kalamu, bei itashuka kila mnapoinuka. Tiketi ya dola 60 haistahili nusu siku ya likizo ya familia iliyotoka ng'ambo.

Kama mtu ameshasaini, sheria ya Florida inampa siku 10 za kalenda kufuta mkataba, kuanzia siku aliyosaini au aliyopokea karatasi ya mwisho, ile ya baadaye. Afute kwa maandishi, kwa anwani iliyo ndani ya mkataba, na atunze ushahidi wa kutuma. Simu kwa muuzaji haihesabiki. Siku hizo zikipita, ada ya matunzo ya kila mwaka inamfuata hadi Nakuru, na hupanda. Kuuza tena ni kwa hasara kubwa, na wapo matapeli wanaopigia wamiliki simu wakidai wamepata mnunuzi, lipa kwanza ada ya karatasi. Mwambie shemeji naye alijue hilo.

Hatua ya 11: Kutoka

Mlango unarudishwa saa tano asubuhi. Fueni nguo usiku wa kuamkia siku hiyo. Vyombo viingie kwenye mashine ya kuoshea, taka zitolewe, kadi ya shemeji isibaki na deni lolote. Ndege ikiwa ya jioni, mizigo inatunzwa pale chini na bwawa bado ni lenu hadi mtakapoondoka. Unga uliobaki mpelekeeni binamu wa Dallas kwa posta, au mwachieni Mkenya mtakayekuwa mmemsikia akiita watoto wake pale bwawani.